Viza ya Matembezi Si Kibali cha Kazi



Tukizunguka hapa Kanduyi tunaulizwa: "Ajenti anasema binti yetu aende Dubai na viza ya matembezi, kazi atapata akifika. Tuuze ng'ombe?" Jibu letu: ngojeni kwanza.

Viza ya matembezi ni ruhusa ya kutembea kwa siku za kuhesabiwa, basi. Haimruhusu mtu kuajiriwa. Akikamatwa kazini, anaweza kutozwa faini, kufungwa au kurudishwa kwao. Mshahara ukikosa kulipwa, hana mkataba wa kumtetea. Siku zikipita, Dubai hutoza faini ya dirham 50 kwa kila siku. Ni kweli, wako waliopata mwajiri na kubadilishiwa viza. Lakini ahadi ya ajenti si kibali.

Kabla ya kuuza kitu, fanyeni hivi:

1. Tafuteni jina la ajenti katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Kijana wa saiba atawafungulia.

2. Someni viza yenyewe. Imeandikwa kazi au matembezi? Msiposoma lugha hiyo, mwombeni mwalimu.

3. Mkataba utiwe sahihi kabla ya safari. Nakala yake, ya pasipoti, na simu ya mwajiri zibaki nyumbani.

Hatukatazi watoto wetu kwenda kutafuta. Ila chama kikiombwa mkopo wa nauli, kamati ione karatasi hizo kwanza, ndipo sanduku lifunguliwe.