Kuvuka Rhine: Njia za Kufika na Kuzunguka Köln

Treni inayotoka upande wa mashariki haiingii Köln kwa pupa. Ikikaribia mto Rhine hupunguza mwendo, ikapanda daraja la chuma la Hohenzollern lenye urefu wa zaidi ya mita 400, na abiria wanaanza kuchungulia madirishani. Mbele yao inasimama minara miwili ya Dom, kanisa kuu la mji, mirefu mita 157. Muda mfupi baadaye treni imetulia chini ya paa la stesheni kuu, na anayetoka nje anajikuta karibu na ngazi za kanisa hilo. Hana haja ya kutafuta teksi ya kumpeleka mjini. Mji ni hapo hapo.

Ujirani huu wa reli na kanisa haukutokea kwa bahati. Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia alitaka daraja la reli lielekee Dom moja kwa moja, na daraja hilo la kwanza likafunguliwa mwaka 1859. Kanisa lenyewe wakati huo lilikuwa halijakamilika. Ujenzi wake ulianza 1248, ukakwama katika karne ya 16, na kwa zaidi ya miaka 300 winchi ya mbao ya mafundi ikabaki imesimama juu ya mnara usiokwisha. Kazi ilianza tena 1842 na kumalizika 1880. Kwa miaka michache iliyofuata, Dom lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, safari ya Köln huanzia kwenye ubalozi wa Ujerumani. Viza ya Schengen ya muda mfupi humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu katikati ya 2024, na lazima awe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Ombi kwa kawaida huamuliwa ndani ya siku 15, lakini foleni ya kupata miadi inaweza kuwa ndefu kuliko siku hizo. Busara ni kuanza miezi kadhaa mapema.

Baada ya viza, njia ni nyingi. Wengi hutua Frankfurt, ambako ndege huenda moja kwa moja kutoka Nairobi na Addis Ababa. Stesheni ya treni za mwendo kasi iko uwanjani hapo hapo, na reli iliyofunguliwa 2002, ambapo treni hufika kilomita 300 kwa saa, humfikisha abiria Köln kwa muda wa saa moja hivi. Wanaotoka Kigali, Bujumbura, Entebbe au Kinshasa kwa ndege za Brussels Airlines huona ni rahisi zaidi kushuka Brussels na kupanda treni ya saa mbili hivi. Kutoka Amsterdam ni chini ya saa tatu. Anayepitia Istanbul anaweza kuunganisha ndege hadi uwanja wa Köln/Bonn wenyewe, uliopewa jina la Konrad Adenauer, aliyekuwa meya wa Köln kabla ya kuwa kansela. Kutoka uwanjani humo treni huchukua kama robo saa kufika stesheni kuu.

Lipo jambo moja linalowatia hofu wageni. Baadhi ya treni za mwendo kasi hazifiki stesheni kuu. Husimama Köln Messe/Deutz, ng'ambo ya mto. Mtu anashuka, anatazama huku na huku, halioni kanisa, anadhani amepotea. Hajapotea. Anaweza kupanda treni yoyote ya mtaa inayovuka mto, kituo kimoja tu, au ajitwike begi na kutembea darajani kwa miguu. Kutembea ndiko bora, kwa sababu hakuna sehemu nyingine inayomwonyesha mgeni Köln nzima kwa pamoja kama njia ya waenda kwa miguu ya daraja la Hohenzollern. Pembeni yake zaidi ya treni 1,200 hupita kwa siku, na uzio unaotenganisha njia hiyo na reli umejaa makufuli ambayo wapenzi wamekuwa wakiyafunga tangu mwaka 2008.

Deutz ina sifa ya kudharauliwa. Wakazi wa ukingo wa kushoto, wenye Dom na mitaa ya kale, wamezoea kuuona ukingo wa kulia kama upande usio na hadhi, kama ilivyokuwa Unguja kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Dharau hiyo ina historia. Warumi waliupa mji huu hadhi ya koloni mwaka 50 baada ya Kristo, kwa heshima ya Agrippina, mke wa Kaisari Klaudio, aliyezaliwa hapo. Rhine ulikuwa mpaka wa dola yao, na ng'ambo yake walikuwa watu waliowaita washenzi. Mnamo mwaka 310 hivi Kaisari Konstantino alijenga daraja hapo, na ng'ambo akaweka ngome ambayo ndiyo asili ya Deutz. Daraja hilo lilipotoweka, Köln ilikaa karne baada ya karne bila daraja la kudumu.

Watu walivukaje? Kwa mitumbwi na vivuko. Kuanzia 1674 palikuwa na chombo cha ajabu: jukwaa juu ya mashua, lililofungwa kwa kamba ndefu iliyotiwa nanga mbali juu ya mto. Nahodha aligeuza usukani tu, na mkondo wenyewe ukakisukuma chombo kutoka ukingo hadi ukingo, bila kasia wala tanga. Mwaka 1822 likaja daraja la mashua zilizopangwa ubavu kwa ubavu, lililofunguliwa kila meli ilipotaka kupita.

Hata hivyo mji ulitajirika, tena kwa kuwazuia wapitaji. Mwaka 1259 askofu mkuu Konrad von Hochstaden aliipa Köln haki ambayo leo ingezusha kesi za kimataifa: kila mfanyabiashara aliyepita na bidhaa mtoni alilazimika kuzishusha na kuziuza hapo kwa siku tatu, na wenyeji ndio waliokuwa wa kwanza kununua. Kijiografia ilikuwa na mantiki, kwani chini ya Köln mto ni mpana na huchukua vyombo vikubwa, na juu yake hubana, hivyo mizigo ilihamishwa kwa vyovyote vile. Lakini sheria iliugeuza ulazima wa mto kuwa mfuko wa mji. Haki hiyo ilifutwa kabisa 1831, katika miaka ambayo meli za moshi zilikuwa zimeanza kubeba watalii. Kampuni ya meli za abiria ya KD, inayojulikana Rhine nzima, inahesabu umri wake tangu 1826.

Vita Kuu ya Pili ilirudisha mji nyuma hadi zama za vivuko. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1942 ndege zipatazo elfu moja za Uingereza ziliishambulia Köln, na hadi vita vinakwisha sehemu kubwa ya mji wa kale ilikuwa kifusi. Dom lilipigwa mabomu lakini halikuanguka. Tarehe 6 Machi 1945 wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa wakirudi nyuma walililipua daraja la Hohenzollern, na hakuna daraja lililosalia. Anayeshangaa kwa nini mji wa umri wa miaka 2,000 umejaa majengo ya saruji ya miaka ya 1950 ana jibu lake hapo.

Lakini mabomu hayakufuta ramani. Hohe Straße, mtaa wa maduka unaoanzia karibu na Dom na usioruhusu magari, unafuata barabara kuu ya Warumi ya kaskazini-kusini. Barabara pana ziitwazo Ringe zinafuata mstari wa nusu duara wa ukuta wa enzi za kati uliobomolewa kuanzia 1881, na malango machache ya ukuta huo bado yapo. Ndani ya nusu duara hiyo, mtu mwenye viatu vizuri hahitaji usafiri mwingine.

Akitaka kwenda mbali zaidi, atapanda tramu za KVB, kampuni ya usafiri ya mji, ambazo katikati ya mji hupita chini ya ardhi na nje yake huibuka barabarani. Hakuna mageti wala mlinzi wa kuzuia watu. Tiketi hununuliwa kwenye mashine au kwa simu, na ile ya karatasi isiyokuwa na muhuri lazima igongwe kabla safari haijaanza. Uhuru huo usimdanganye mgeni, kwani wakaguzi huingia wakiwa wamevaa kiraia, na faini ya kukosa tiketi halali ni euro 60. Anayekaa wiki kadhaa anaweza kununua Deutschlandticket, inayokubalika kwenye mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima, isipokuwa treni za mwendo kasi. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Ni usajili unaojirudia: asiyeufuta kufikia tarehe 10 hukatwa pesa za mwezi unaofuata.

Mtandao huo wa tramu una jeraha. Tarehe 3 Machi 2009, karibu na mashimo ya ujenzi wa njia mpya ya chini ya ardhi, jengo la hifadhi ya nyaraka za mji liliporomoka. Vijana wawili waliokuwa nyumba ya jirani walikufa, na nyaraka za zaidi ya miaka elfu zikazikwa kwenye tope na maji. Kazi ya kuzikausha na kuziunganisha imechukua miaka mingi. Njia hiyo bado imekatika katikati, ndiyo maana tramu ya namba 5 inaishia Heumarkt.

Nayo Rhine bado ina kauli yake. Kwenye mji wa kale upo mnara wenye saa ya kupima maji: mshale mfupi huonyesha mita, mrefu huonyesha desimita. Yakifika mita 8.30, meli zote husimama. Januari 1995 yalifika 10.69 na kuingia mitaani, na baada ya hapo mji ukajenga kinga pamoja na kuta za muda zinazopangwa ukingoni mafuriko yakikaribia. Oktoba 2018, baada ya kiangazi kikali, kipimo kilishuka hadi sentimita 69 na meli za mizigo zikalazimika kupunguza shehena. Kwa hiyo mwenye tiketi ya meli ya matembezi huangalia kwanza kipimo cha mto, kisha saa ya mkononi.

Kwa msikilizaji wa redio wa rika la wazee wetu, Köln si jina geni. Deutsche Welle ilianza kutangaza kutoka hapa 1953, na mwaka 1963 ikaanzisha matangazo ya Kiswahili. Mwaka 2003 ilihamia Bonn, kilomita zisizofika 30 kuelekea kusini. Anayetaka kwenda huko ana treni ya mkoa ya nusu saa au chini yake, na tramu za namba 16 na 18 zinazochukua muda mrefu zaidi. Ya 16 hupita Rodenkirchen na Wesseling, na kwa asiye na haraka ndiyo ya kupanda. Kwa anayebaki Köln, upande wa magharibi wa mji, kwenye Venloer Straße mtaani Ehrenfeld, upo msikiti mkuu uliobuniwa na Paul Böhm na kuzinduliwa rasmi 2018, wenye kuba la saruji na vioo na minara ya mita 55. Unafikika kwa tramu, au kwa miguu kwa aliyemaliza kupanda ngazi 533 za mnara wa Dom na bado ana nguvu. Mnara huo hauna lifti ya wageni.