Huruma Si Adui wa Taifa

Katika nchi za Magharibi yamezuka mabishano ambayo sisi watu wa visiwani hatuna budi kuyasikiliza kwa makini, kwani yanahusu jambo tulilozaliwa nalo. Mabishano hayo ni juu ya huruma. Wapo viongozi na matajiri wakubwa wanaodai kwamba huruma, yaani kule kuyahisi maumivu ya mwenzako kana kwamba ni yako, imekuwa maradhi yanayoziua nchi zao, na kwamba taifa linalotaka kuihifadhi asili yake halina budi kuufanya mgumu moyo wake mbele ya wageni.

Mwezi Februari 2025 tajiri Elon Musk, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyehamia Kanada na kisha Marekani, alisema kwamba udhaifu wa msingi wa ustaarabu wa Magharibi ni huruma. Mwezi mmoja kabla yake, Makamu wa Rais wa Marekani, JD Vance, alieleza kwamba mapenzi yana daraja zake: jamaa kwanza, kisha jirani, kisha mji, kisha taifa, ndipo wafuate walimwengu waliobaki. Papa Fransisko, ambaye alifariki mwezi Aprili mwaka huo huo, aliwaandikia maaskofu wa Marekani barua ya tarehe 10 Februari akiwakumbusha mfano wa Msamaria mwema. Barua haikuzuia kitu. Nafasi za wakimbizi, zilizokuwa 125,000 kwa mwaka, zilishushwa hadi 7,500 kwa mwaka wa fedha wa 2026, na waliotangulizwa mbele ni Makaburu wa Afrika ya Kusini.

Huko Uingereza, mwezi Mei 2025, Waziri Mkuu Keir Starmer aliionya nchi yake isije ikageuka kisiwa cha wageni wasiojuana. Baadaye aliyajutia maneno hayo, lakini yalikuwa yamekwisha kutamkwa.

Kisiwa cha wageni! Mtu wa Unguja au wa Pemba akiyasikia maneno hayo atajiuliza ni kisiwa gani duniani kisichokuwa hivyo. Wazee wetu walitoka Hadhramaut na Ngazija, Kachi na Lamu, Unyamwezi na Umanyema. Wengine walishuka na majahazi ya biashara, wengine walishushwa wakiwa na minyororo shingoni. Lugha hii tunayoiandika imesukwa na midomo yao wote, na hakuna mwenye akili anayesema kwamba kwa sababu hiyo sisi si watu wenye asili yetu.

Hata hivyo, hatutaki kuwacheka wanaoogopa. Hofu ya mwenyeji ni kitu cha kweli, nasi tunaifahamu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 ikawahesabu 1,889,773. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Kijana wa Nungwi au Paje anayeona kazi za hoteli zikienda kwa wengine, huku bei ya kiwanja ikimpita kimo, ana haki ya kuuliza. Nchi nayo ina haki ya kujilinda. Mwezi Julai 2025 Serikali ya Muungano iliwapiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo kunyoa na kusuka nywele na kuongoza watalii, kwa kuwa wananchi walilalamika kwamba hata riziki ya kibandani inachukuliwa. Mwenye nyumba hupanga nani alale chumba gani, na kwa kupanga tu haonekani katili.

Swali letu basi ni hili: je, ni huruma ndiyo inayovunja nyumba, au ni kitu kingine? Mababu walituachia jibu katika methali inayojulikana na kila mtoto: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitaja kwa mzaha, kana kwamba ni njia ya kumfukuza mtu kwa adabu. Tukiitazama vizuri tutaona ina mambo mawili. Siku mbili ni za huruma. Siku ya tatu ni ya utaratibu, kwani jembe halilimi hewani. Anayepewa jembe hana budi aonyeshwe na shamba, na mpaka wa shamba, na wajibu wake kwa wenyeji. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mzigo. Mgeni aliyepewa jembe bila ya kuonyeshwa shamba hugeuka adui, wala kosa si lake peke yake.

Ushahidi wa maneno haya tunauona hapa Berega, wilayani Kilosa, tunakoandikia safu hii. Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza Berega inamhusu nini. Inamhusu sana, kwa kuwa nchi hii ya Ukaguru ilikuwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja, kwenda bara. Wakaguru wenyewe, ambao hufuata ukoo wa mama, husimulia kwamba koo zao zilifika hapa kutoka mbali, na kwamba majina ya koo hizo yalitokana na yaliyowapata safarini. Mwenyeji wa hapa, kwa kauli yake mwenyewe, ni mgeni aliyetangulia. Baada yao wakaja Wakamba, wakaja Waparakuyo na ng'ombe wao. Ukaja mkonge, na mashamba makubwa ya Kilosa yakaita manamba kutoka kila upande. Katika Berega hii hospitali ya misheni ya Kianglikana huwahudumia watu wa makabila hayo yote. Mkulima na mfugaji hukaa juu ya benchi moja wakingoja mganga, na hilo halijaufuta Ukaguru.

Lakini ni wilaya hii hii ya Kilosa ambayo tarehe 8 Desemba 2000 ilishuhudia msiba mkubwa. Katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wakulima 38 waliuawa katika ugomvi baina yao na wafugaji. Wapo waliosema mara moja kwamba ndiyo matokeo ya kuwakaribisha wageni. Wasomi waliouchunguza ugomvi huo walikuta habari nyingine: mashamba yaliyoingia katika njia za mifugo na malisho ya kiangazi, mifugo iliyoingia mashambani, na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote mbili wasiyaamini mabaraza na vyombo vya sheria. Mfugaji alikuwa na ng'ombe, mkulima alikuwa na jembe, na mpaka baina yao ulikuwa ukiuzwa. Pale hapakuzidi huruma, palikosekana utaratibu. Mwaka 2009 wafugaji wengi waliondolewa Kilosa kwa nguvu, na ugomvi haukwisha, kwa sababu waliondolewa watu na mpaka ukabaki pale pale ulipokuwa, haujulikani.

Sasa tuutazame mkoa huu huu wa Morogoro kwa upande mwingine. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini shamba la mkonge lililoachwa, Mazimbu, na mwaka 1982 ikawaongezea ardhi Dakawa, kwenye barabara ya Dodoma, ile ile ya kufikia Berega. Walijenga shule, hospitali na mashamba. Mwaka 1992 walipoanza kurejea kwao waliyakabidhi yote kwa Serikali, na leo vijana wetu wanasoma Mazimbu katika majengo hayo. Wageni walionyeshwa shamba, wakaacha chuo. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwezi Mei 2008, katika nchi ile tuliyoihifadhi, watu 62 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni, wengi wao wakiwa Waafrika wenzao. Huruma hairithiwi kama nyumba. Kila kizazi hakina budi kufundishwa upya.

Kaskazini ya hapa, katika wilaya ya Handeni, wako watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Uzigua katika karne ya kumi na tisa, wakapelekwa kando ya mto Juba nchini Somalia. Walikaa huko vizazi kadhaa bila ya kuisahau lugha ya Kizigula. Vita vya Somalia vilipowafukuza katika miaka ya 1990, baadhi yao walikuja hapa, na mwaka 2003 wakapewa makazi na ardhi ya kulima huko Chogo; wengi wao baadaye walipata uraia. Maelfu ya ndugu zao walipokewa Marekani kuanzia mwaka huo huo wa 2003. Mwezi Juni 2025 Marekani hiyo iliwafungia mlango watu wa Somalia. Damu ni moja na safari ni moja. Mlango mmoja ulifunguliwa na shamba likafuata, mlango mwingine ukafunguliwa kisha ukapigwa komeo.

Na tusisahau jambo kubwa kuliko yote hayo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakalipa kodi, wakazaa na kulea. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 miongoni mwao walipewa uraia wa Tanzania. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kutunukiwa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 1983 kwa jinsi nchi yetu ilivyowapokea wakimbizi. Je, Utanzania ulipungua? Hakuna aliyeamka asubuhi akakuta Kiswahili chake kimeibwa.

Ndugu zetu wa Pemba wanalijua suala hili kwa upande wa pili. Kwa miaka mingi Wapemba waliohamia Kilifi na Kwale, nchini Kenya, waliishi bila ya kitambulisho. Walivua samaki lakini hawakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lao. Waliuza lakini hawakuweza kufungua akaunti benki. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa miongoni mwa makabila ya nchi hiyo. Anayefurahi kwa Mpemba kupewa karatasi Kilifi, na anune kwa mwingine kupewa karatasi kwetu, ajipime mwenyewe.

Waliosoma chuoni wanakumbuka jinsi Muhajirina walivyopokewa Madina. Mtume (S.A.W.) aliunga udugu baina ya kila mhamiaji na mwenyeji mmoja, ili kila mgeni awe na mtu wa kumwulizia. Saad bin Rabii alipomtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake, mgeni yule alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Mwenyeji alitoa kwa huruma, na mgeni akaomba jembe.

Kwa hiyo tunasema bila ya kumung'unya maneno kwamba wanaolaumu huruma wanalaumu kisichohusika, na sisi tujihadhari tusiige wimbo wao. Tayari kuna dalili. Mwaka 2018 nchi yetu ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwaingiza wakimbizi katika maisha ya wenyeji, kwa sababu za usalama na uhaba wa fedha, na Warundi waliokuja baada ya 2015 hawakuonyeshwa njia waliyoonyeshwa wale wa 1972. Sababu za Serikali zina uzito, na misaada iliyoahidiwa na wakubwa wa dunia haikufika kama ilivyoahidiwa. Lakini anayerudi kwao na arudi kwa hiari yake na kwa heshima yake, maana hilo ndilo tulilojulikana nalo.

Viongozi wa Serikali wanayo kazi iliyo wazi. Afisa mtendaji wa kijiji aonyeshe mpaka wa shamba na malisho mchana kweupe, wala asiuuze usiku. Sheha amwandikie barua anayestahili, amkatalie asiyestahili, na wote wawili awaeleze sababu. Afisa wa uhamiaji akumbuke kwamba faili lililolala mezani kwake miaka kumi ni mtu asiyejua kama mwanawe atakuwa raia wa wapi. Na sisi wananchi tuache kumwita jirani mgeni wakati makaburi ya wazazi wake yako kijijini kwetu.