Majimaji ilibeba Muungano mara tatu, picha ziko kwenye boksi la nani?

Kaa kijiweni Peramiho siku ambayo Simba na Yanga hazichezi, taja Majimaji tu, uone. Mzee mmoja atakuanzia na 1985. Mwingine atadakia 1986. Wa rika la kati atasema hizo ni za zamani bana, yeye aliishuhudia ya 1998. Mara tatu Wanalizombe walibeba ubingwa wa Ligi ya Muungano, timu ya Songea, mbele ya vigogo wa Dar es Salaam na Zanzibar. Kisha kijana mwenye simu mkononi anauliza swali linalozima stori nzima: picha ziko wapi?

Ni swali la haki. Kizazi chake kimezoea goli likifungwa sasa hivi, dakika mbili mbele analo kwenye simu. Enzi za Majimaji ile, mpigapicha alikaa nyuma ya goli na mkanda wa picha 36. Zikiisha, zimeisha. Akibonyeza mapema, mpira haujafika wavuni. Akichelewa, anaambulia migongo ya wanaoshangilia. Baadaye mkanda usafishwe kwenye chumba cha giza, na kama ni wa gazeti, usafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam. Gazetini inatoka picha moja, au haitoki kabisa. Zile 35 nyingine zinarudi kwenye bahasha, bahasha inaingia kwenye boksi.

Kinachoweza kutoka kwenye boksi la namna hiyo kilionekana Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 2017. Ukumbi wa maonyesho wa FADA, wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, ulijazwa kazi za mtu mmoja: Priya Ramrakha, mpigapicha wa habari mzaliwa wa Nairobi. Picha zake zilianzia 1950 hadi 1968, miaka ambayo Afrika ilikuwa inazitoa bendera za wakoloni na kupandisha za kwake.

Ramrakha hakuwa mpigapicha wa soka, lakini wanaojua kazi ya uwanjani watamwelewa haraka. Alizaliwa 1935 kwenye familia ya magazeti. Mjomba wake alikuwa na gazeti la Colonial Times pale Nairobi, lililowakera Waingereza kwelikweli, na kijana akaanzia humo. Akapiga picha za enzi za Mau Mau akiwa upande ambao kamera nyingi za Wazungu hazikutaka kusimama. Akaenda Los Angeles, Marekani, kusomea kazi hiyo, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupiga picha za majarida makubwa ya kule, Time na Life. Kenya ilipopata uhuru 1963 hakutaka kusimuliwa, alirudi kazini nyumbani.

Oktoba 2, 1968 alikuwa Nigeria, kwenye vita vya Biafra. Alipigwa risasi karibu na mji wa Owerri, katika shambulio la kuvizia, akafia hukohuko. Alikuwa na miaka 33. Kwa mchezaji, huo ni umri wa kuanza kuulizwa atastaafu lini. Kwa mpigapicha, ndiyo kwanza jicho limekomaa.

Akazikwa, na kazi yake nayo ikawa kama imezikwa. Kwa miongo kadhaa jina lake lilitajwa kama la mtu aliyefia vitani, basi. Mpaka ndugu yake wa kizazi cha baadaye, mtengeneza filamu Shravan Vidyarthi, alipoanza kumtafuta na kukuta shehena ya picha na negativu kwenye gereji ya familia, Nairobi. Gereji! Sehemu ya kuwekea tairi bovu na makopo ya rangi. Maonyesho ya Johannesburg yalitoka humo, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu.

Boksi lake lilipona kwa bahati. Kuna jingine lililopona kwa kupangwa, na hilo lilianzia Tanzania.

Mohamed Amin, naye mzaliwa wa Nairobi, alikulia Dar es Salaam, na hapo ndipo alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963 akiwa kijana mbichi. Alikuwepo Zanzibar kwenye Mapinduzi ya 1964. Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, na mwandishi wa BBC Michael Buerk, na picha alizorudi nazo za njaa ndizo zilizoishtua dunia. Miezi michache baadaye, Julai 13, 1985, Uwanja wa Wembley ulijaa watu ambao hawakuja kutazama mpira, walikuja kwenye tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa. Mwaka huohuo Majimaji ilibeba Muungano kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono wa kushoto. Mwingine angekaa benchi moja kwa moja, yeye alirudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 23, 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini, Comoro. Lakini alikuwa ametunza, na mwanawe, Salim, aliendelea kutunza. Ndiyo maana leo anayetaka picha ya Mo anajua mlango wa kugonga.

Peramiho inaijua kazi hii ya kutunza. Misheni yake ya Wabenediktini ilianza 1898, ikachomwa moto kwenye Vita vya Majimaji, ikajengwa upya, na kiwanda chake cha uchapaji kimetoa vitabu vilivyosomwa Tanzania nzima. Songea mjini kuna Makumbusho ya Majimaji, ambako kila Februari 27 watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Timu ilichukua jina la vita hiyo. Anayetaka kujua Songea ya 1906 anaonyeshwa njia ya makumbusho. Anayeitaka Songea ya 1998 aende wapi?

Kwa sasa aende kwa waliokuwepo, na hao hawaongezeki. Majimaji ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, ikashuka tena 2018, na vijana wengi hiyo ndiyo Majimaji pekee wanayoijua, ile ya kupigania isishuke. Ukiwaambia iliwahi kuwa bingwa mara tatu wanakuangalia kama unawapiga kamba.

Waliokuwa na studio za picha miaka hiyo huenda bado wana bahasha zao, chini ya kitanda au juu ya kabati, na unyevu wa masika ya Ruvuma hauna huruma na negativu. Zikianza kugandana zisibanduliwe kwa nguvu wala kuoshwa kwa maji ya bomba. Ziwekwe pakavu, mbali na jua, mpaka apatikane mjuzi. Na juu ya bahasha iandikwe mechi gani, mwaka gani, na nani kasimama wapi, wakati bado yupo mtu wa kuwataja kwa majina.