Nukta Moja Yaweza Kuua: Hesabu za Dawa Zianzie Shuleni

Kwa miaka mingi nilifunza hisabati katika shule za upili huku Meru, na kila mwaka sikukosa mwanafunzi wa kuniuliza swali lile lile: "Mwalimu, desimali hizi zitanifaa nini maishani?" Aghalabu nilimjibu kwamba zitamfaa katika mtihani. Leo nakiri mbele ya wasomaji kwamba jibu hilo lilikuwa dhaifu. Jibu la haki nilikuja kulipata baada ya kustaafu, kando ya kitanda cha mjukuu wangu.

Mjukuu huyo alikuwa na umri wa siku tatu na uzani wa kilo 3, naye alikuwa ameshikwa na homa kali. Daktari wa hospitali moja, ambayo sitaitaja, aliagiza adungwe sindano ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa kiwango cha miligramu 5 kwa kila kilo ya uzani wake. Alihitaji, basi, miligramu 15. Kila kichupa cha dawa hiyo kilikuwa na miligramu 80 ndani ya mililita 2. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa zamu akapiga hesabu yake, akafyonza dawa yote ya kichupa cha kwanza, kisha akanyosha mkono kuchukua cha pili.

Muuguzi mmoja mkongwe akamzuia. "Binti yangu," akamwambia kwa upole, "tangu lini mtoto wa siku tatu akamaliza kichupa kizima, sembuse viwili? Hebu turudie hesabu yako."

Wakairudia pamoja, nami nikitazama. Kumi na tano ikagawanywa kwa themanini, kisha jibu likazidishwa kwa mbili. Ikapatikana mililita 0.375. Yule binti alikuwa ameandika 3.75. Nukta ilikuwa imeruka hatua moja tu, lakini kwa hatua hiyo mtoto angalipewa miligramu 150, yaani dawa mara kumi ya aliyoandikiwa. Na jentamaisini ikizidi mwilini huweza kudhuru figo na kumfanya mtu kiziwi.

Binti alitokwa na machozi, na mimi nilishikwa na haya. Kosa lile nilikuwa nimeliona katika madaftari yasiyo na idadi, nikalikata alama moja na kupita. Darasani nukta iliyopotea hugharimu alama moja. Wodini gharama yake yaweza kuwa ni uhai wa mtu.

Eneo letu hili la mashariki ya Mlima Kenya limejaliwa vyuo vya uuguzi. Vipo Maua, Nkubu na Kyeni, na pia Chogoria, ambako wamishonari wa Scotland walianzisha hospitali mwaka wa 1922. Mijini Meru na Embu vipo vyuo vya serikali vya mafunzo ya tiba. Vijana wetu wakifika huko hufunzwa kanuni tano za kutoa dawa: mgonjwa awe ndiye, dawa iwe ndiyo, kipimo kiwe sawa, njia ya kuitia mwilini iwe sawa, na wakati uwe ndio. Hizo ni kanuni njema. Hata hivyo, ile ya tatu haiwezi kusimama ikiwa msingi wa hesabu uliachwa na nyufa tangu shule ya msingi.

Mkulima wa chai wa Imenti au wa Runyenjes anapopeleka majani kituoni, hukodolea mizani macho asije akapunjwa hata nusu kilo. Lakini mkulima huyo huyo humpimia mwanawe dawa ya homa kwa kijiko chochote kilichopo jikoni! Dawa ya maji ya parasetamoli aghalabu huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5, na vijiko vya jikoni havilingani. Heri kutumia kikombe kidogo cha vipimo au bomba la sindano lisilo na sindano, na kumuuliza mfamasia.

Nawasihi basi walimu wenzangu mlio bado darasani: mnapofunza uwiano na vipimo, msikomee kwenye maembe na matofali. Waleteeni wanafunzi kichupa kitupu cha dawa, wasome maandishi yake. Wajue kwamba gramu moja ni miligramu 1,000, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000, na kwamba anayechanganya vipimo hivi viwili vya mwisho amekosea mara elfu. Wazoezwe kuandika sifuri kabla ya nukta, 0.5, maana ikiandikwa .5 nukta yaweza kufifia ikasomwa tano. Wala wasiandike 5.0, isije ikasomwa hamsini. Juu ya yote, wafunzwe kukisia jibu kabla ya kukokotoa, kama alivyofanya yule muuguzi. Hakuhitaji kalamu kutambua kwamba vichupa viwili kwa kitoto kile ni jambo lisilowezekana.

Nanyi wanafunzi mnaotamani kuvaa sare ya uuguzi, msione aibu kumwomba mwenzenu akague hesabu yenu kabla ya kudunga sindano. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Yule binti hakufukuzwa wala hakutukanwa. Alifuta machozi, akavuta dawa upya kwa bomba dogo la mililita moja, na muuguzi mkongwe akaikagua kabla haijatolewa. Mjukuu wangu alipona, na masikio yake yanasikia.