Mlima Hauhami

Hebu tulipime jambo hili pamoja. Tarehe 14 Machi, 2020, Gavana wa jimbo la Colorado, Marekani, Jared Polis, aliamuru vituo vya mchezo wa kuteleza juu ya theluji vifungwe ili kuzuia ugonjwa wa korona. Tarehe 26 ikaanza amri ya kukaa majumbani, ila watu waliruhusiwa kutoka kunyoosha viungo. Basi wapo waliofunga mbao zao miguuni wakapanda sehemu za milima zisizo na walinzi.

Walidai kuwa hewa safi ni dawa na kwamba huko hakuna msongamano. Dai hilo lina ukweli. Lakini theluji ikiporomoka, au mguu ukivunjika, waokoaji, ambao wengi wao ni watu wa kujitolea wenye familia zao, hulazimika kubeba machela bega kwa bega. Majeruhi naye huhitaji kitanda cha hospitali, na siku zile vitanda vilihofiwa kutotosha.

Kutoka nje halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuchagua mteremko wa hatari ilhali gharama ya kuanguka ingelipwa na wengine. Mlima hauhami, ungeweza kungojwa.