Kamera ya D7000 kutoka Umatengo hadi Mbamba Bay

Ukiteremka kutoka milima ya Umatengo, Mbinga, hadi Mbamba Bay, mwanga hubadilika mara kwa mara. Nikon D7000, kamera iliyotoka mwaka 2010 kwa wapenzi wa picha, inaumudu vizuri.

Kihisi chake cha megapikseli 16.2 hunasa ngoro, yale mashimo ya kilimo, mojamoja mlimani, hasa asubuhi, jua likiwa chini na kila shimo likiwa na kivuli chake.

Ufukweni mambo ni mengine. Usipa, dagaa wa ziwani, ulioanikwa hung'aa kama bati jipya. Kamera hudhani mwanga umezidi, ikaitia picha giza. Mpigapicha huongeza mwanga mwenyewe, hatua moja hivi. Mtumbwi ukipanda wimbi, kamera hupiga picha 6 kwa sekunde, huku vituo 39 vya fokasi vikimfuata mpiga kasia.

Jua likizama upande wa Malawi, ISO hupandishwa hadi 3200. Chenga huonekana, lakini nyuso za wavuvi wanaowasha taa bado zinatambulika.

Kamera ina uzito wa gramu 780 pamoja na betri, inayotosha takriban picha 1,050 kabla ya kuchajiwa tena.