Mafuta ya kuzunguka goti: je, yanaondoka bila kupasuliwa?

Swali hili limetufikia studio kwa njia nyingi. Dada mmoja wa Kilakala alituandikia ujumbe mfupi akisema mwili wake ni wa kawaida, ila upande wa ndani wa magoti una vinyama vinavyomkosesha raha, hata gauni la kuishia magotini halivai tena. Kaka mmoja wa Msamvu aliuliza kwa niaba ya mke wake. Lakini aliyetufanya tukae chini na kuandika makala hii ni mama mmoja anayeishi juu huko Towelo, ambaye kwa miaka mingi ameshusha ndizi na matunda kichwani hadi mjini.

"Wanangu," alituambia kwa simu, "nimesikia Dar kuna mashine inayeyusha mafuta ya goti bila kisu. Mgawo wangu wa kikoba umetoka. Nikiyatoa haya mafuta, goti litaacha kuniuma nikipanda mlima?"

Tangu treni ya SGR ianze safari zake mwaka 2024, kwenda Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo ni jambo jepesi. Matangazo ya urembo nayo yamejaa kwenye simu za watu. Kwa hiyo tuelezane vizuri: huduma hizi zinafanya nini, hazifanyi nini, na kabla ya kutoa pesa uulize nini.

Kwa nini mafuta hukaa gotini?

Kila mtu ana mafuta chini ya ngozi, na kila mwili una sehemu zake za kuyaweka. Kwa wanawake wengi homoni huyapeleka zaidi kwenye nyonga, mapaja na upande wa ndani wa goti. Kuna pia urithi: ukimwangalia mama au shangazi yako, huenda ukaona magoti yale yale. Ndiyo maana mtu anaweza kupungua uso na tumbo, goti likabaki kama lilivyo. Umri nao huchangia, kwa sababu ngozi ikilegea huning'inia juu ya goti na kuonekana kama mafuta hata pale ambapo mafuta ni kidogo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba si mafuta yote ya goti ni ya ziada. Nyuma ya mshipa mgumu ulio chini ya kifuniko cha goti kuna mto mdogo wa mafuta unaosaidia kupunguza msuguano na mshindo. Huo una kazi yake. Huduma tunazozungumzia hapa zinalenga mafuta yaliyo chini ya ngozi tu. Haziingii ndani ya kiungo.

Njia zinazotangazwa

Ya kwanza ni baridi. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mtoto mchanga aliyepata uvimbe shavuni kwa kunyonya lambalamba ya barafu. Ilionekana kwamba mafuta huumizwa na baridi kabla ya ngozi. Wenzetu wa Mgeta wanalijua hilo bila darasa: asubuhi ya mwezi wa saba mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa, wakati maji kwenye ndoo iliyo pembeni bado ni maji. Mwaka 2008 Dieter Manstein na Rox Anderson, watafiti wa hospitali ya Massachusetts General iliyoko Boston, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa nguruwe. Kutokana na kazi hiyo zikaja mashine zinazonyonya pindo la ngozi na kulipoza kwa muda wa dakika 35 hadi saa moja. Chembe za mafuta zilizoumia hufa polepole na mwili huziondoa wenyewe. Matokeo huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, na kwa kawaida tabaka la mafuta ya sehemu ile hupungua kwa karibu asilimia 20 hadi 25.

Ya pili ni joto. Hapa kuna mashine za leza, za mawimbi ya sauti yasiyosikika, na za mawimbi ya redio. Usicheke, hayo si mawimbi tunayokurushia sisi kila asubuhi. Ni nguvu inayoelekezwa sehemu moja ili kupasha joto mafuta au ngozi. Mawimbi ya redio hutumika zaidi kukaza ngozi iliyolegea, na mara nyingi mtu huambiwa arudi vikao kadhaa.

Ya tatu ni sindano. Kuna dawa iitwayo asidi ya deoksikoliki, inayofanana na kitu ambacho mwili wetu hutengeneza kwa ajili ya kusaga mafuta ya chakula. Ikidungwa kwenye mafuta huvunja kuta za chembe zake. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 2015 kwa sehemu moja tu: mafuta ya chini ya kidevu. Haikuiruhusu kwa goti.

Hata mashine za baridi zilipewa ruhusa huko kwa hatua: pembe za kiuno mwaka 2010, tumbo mwaka 2012, mapaja mwaka 2014, kisha kidevu na sehemu nyingine. Goti halikutajwa katika hatua hizo za mwanzo. Wapo madaktari wanaotumia kichwa kidogo cha mashine kwa upande wa ndani wa goti, lakini anayekuambia kwamba goti ni sawa na tumbo anakurahisishia mambo kupita kiasi.

Hatari zake

Wengi wanaotumia mashine ya baridi hupata wekundu, michubuko, maumivu kidogo na ganzi inayoweza kudumu wiki kadhaa. Mwenye ugonjwa wa damu unaochochewa na baridi hatakiwi kuitumia kabisa.

Lipo pia tatizo la nadra ambapo mafuta, badala ya kupungua, huongezeka na kuwa magumu. Mwanamitindo wa Kanada Linda Evangelista alijitokeza hadharani mwaka 2021 na kusema hilo limempata. Alifungua kesi, na mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana kwa maelewano. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa tatizo hilo si nadra kama ilivyodhaniwa mwanzo, na kwa kawaida dawa yake ni upasuaji, yaani kile kile mtu alichokuwa anakikimbia.

Kwenye joto, hatari kubwa ni kuungua. Ngozi zetu nyeusi zikiungua huacha madoa meusi yanayokaa miezi, na wengine hupata makovu yanayovimba. Mtoa huduma ni lazima ajue kupima nguvu ya mashine kulingana na rangi ya ngozi.

Sindano ndizo zinazotutia hofu zaidi. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu sana na ngozi. Ukiumizwa, mtu anaweza kushindwa kuinua kanyagio la mguu wake anapotembea. Desemba 2023 mamlaka ya Marekani ilitoa onyo kuhusu sindano za kuyeyusha mafuta zisizoidhinishwa, baada ya kupokea taarifa za makovu, maambukizi na vinundu vyenye maumivu. Hapa kwetu, msikilizaji mmoja alitusimulia alivyochomwa sindano ya namna hiyo saluni, chupa haina jina, na goti likavimba hadi akashindwa kukunja mguu kwa wiki mbili. Alipouliza alidungwa nini, hakupewa jibu.

Je, ni mafuta kweli?

Hili ndilo swali ambalo matangazo hayaulizi. Goti lililojaa linaweza kuwa na mafuta, lakini pia linaweza kuwa na maji ndani ya kiungo, au uvimbe nyuma ya goti. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna matende, ugonjwa unaoenezwa na mbu ambao tunaufahamu kutokana na kampeni za kugawa dawa. Na kuna hali nyingine isiyojulikana sana, iliyoelezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1940, inayowapata wanawake karibu peke yao: mafuta hujaa miguu yote miwili kuanzia nyonga hadi kifundo, yanauma yakiguswa, yanachubuka upesi, lakini nyayo hubaki nyembamba. Mwenye hali hiyo akiambiwa "punguza kula tu" anaonewa. Anahitaji daktari wa kumpima na kumwelekeza, na mashine ya urembo siyo mahali pa kuanzia.

Na maumivu ya goti?

Sasa turudi kwa mama yetu wa Towelo. Jibu fupi ni hapana. Kuondoa mafuta ya chini ya ngozi hakutibu goti linalouma, kwa sababu maumivu ya namna yake mara nyingi hutoka ndani: gegedu iliyosagika, misuli ya paja iliyodhoofika, au uzito ambao goti limebeba kwa miaka.

Kinachosaidia ni kupunguza uzito wa mwili mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 huko Marekani, uliofanywa kwa watu wazima wanene wenye magoti yaliyosagika, ulionyesha kwamba kila kilo moja anayopungua mtu huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Maana yake, anayepungua kilo tano ameliondolea goti kilo ishirini, sawa na ndoo kubwa ya maji iliyojaa. Kwa mtu anayepanda na kushuka Uluguru, hesabu hatua za siku moja uone ni ndoo ngapi.

Mazoezi ya misuli ya mbele ya paja husaidia pia. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, uhesabu hadi tano, ushushe taratibu. Rudia mara kumi kila mguu. Wakati wa kushuka mlima, ambako goti huumia zaidi kuliko kupanda, tumia fimbo na ugawe mzigo mara mbili ikiwezekana. Ukiona goti limevimba, limekwama au linakunyima usingizi, nenda kituo cha afya. Wakiona haja, watakupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Ukiamua kwenda, uliza haya

Kutaka kupendeza si kosa, na hatumcheki dada wa Kilakala. Ila kabla ya kulipa, uliza: Kituo hiki kimesajiliwa na Wizara ya Afya? Anayenihudumia ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Mashine au dawa hii inatambuliwa na TMDA, na ninaweza kuona jina lake kwenye chupa? Nitahitaji vikao vingapi, na bei iliyotangazwa ni ya kikao kimoja au ya vyote? Nikipata tatizo nikiwa nimesharudi Morogoro, nani atanipokea? Kumbuka pia kwamba bima za afya kwa kawaida hazilipii huduma za urembo.

Na usiende ukiwa mjamzito, wala usiende ukitegemea kupungua uzito. Mashine hizi hubadilisha umbo la sehemu ndogo; mzani haubadiliki kwa maana yoyote. Uzito ukiongezeka baadaye, chembe za mafuta zilizobaki nazo hunenepa.

Mama wa Towelo alitupigia tena wiki mbili baadaye. Alikuwa amepigwa picha ya goti na kuambiwa gegedu imeanza kusagika. Amepewa mazoezi na tarehe ya kurudi kliniki. Pesa ya kikoba, alisema, sehemu yake amemlipa kijana wa bodaboda amshushie ndizi hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu siku za mnada mkubwa.

"Goti bado nene," alicheka. "Lakini usiku sasa nalala."

Kama una swali kuhusu afya ambalo ungependa tulifanyie kazi, tuandikie kwa namba ya studio unayoisikia kila asubuhi. Tutalipeleka kwa wataalamu, na jina lako hatutalitaja.